Neno la Kichina tunaloamka nalo

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita katika kipindi chetu cha kila juma.)

Leo sitasema habari za bei ya korosho wala ubovu wa barabara ya Kisarawe wakati wa masika, ingawa yote mawili yangali yanastahili kusemwa. Leo nimekuja na neno moja tu, la herufi nne, ambalo yumkini umekwisha kulitamka leo kabla hujawasha redio yako. Neno lenyewe ni chai.

Sababu ya kulichagua ni kijana mmoja wa kwetu Maneromango. Kijana huyu hununua vyombo Kariakoo, mabeseni, sahani na zile chupa za chai zenye maua, akaja kuviuza kijijini kwa mkopo wa kulipana msimu wa korosho. Siku moja alikuwa katika duka la Mchina. Alikwisha kusikia kwamba neno chai limetoka Uchina, akaona hapo ndipo pa kujipendekeza ili apunguziwe bei. Akainua kifuniko cha chupa, akamwambia mwenye duka kwa sauti ya furaha, "Chai! Chai!" Mchina akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema, "Cha." Kijana akarudia chai, yule akarudia cha. Bei haikupungua. Aliponikuta njiani akanisimamisha: "Kaka mtangazaji, kwani neno hili ni lao au si lao? Mbona amenikatalia?"

Nilimwahidi kwamba jibu atalisikia redioni. Basi kijana wangu, kama unasikiliza, jibu ni hili: neno ni lao, lakini wewe hukumtajia chai. Ulimtajia kuni.

Kichina cha Beijing, ambacho ndicho cha shule na cha serikali, kina sauti nne, nazo si mapambo ya kuimbia, ni sehemu ya neno lenyewe. Ukipandisha sauti, neno linakuwa hili. Ukiishusha, linakuwa lile. Chai kwao ni cha, ikitamkwa kwa sauti inayopanda, kama mtu anayeitwa kwa mbali naye akaitika, "Eeh?" Ukiongeza irabu ya i mwishoni, ukasema chai kwa sauti hiyo hiyo inayopanda, umetaja kuni za kupikia. Na ukisema chai kwa sauti ya juu iliyonyooka, umesema bomoa. Neno hilo la bomoa, kwa herufi za Kichina, ndilo walilokuwa wakipaka kwa rangi kwenye kuta za nyumba zilizo katika njia ya ujenzi mpya, kama vile sisi tulivyozoea kuona alama ya X kwenye nyumba zilizojengwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo yule mwenye duka alikuwa na kila haki ya kutikisa kichwa. Mteja ameingia dukani mwake, ameshika chupa, anapiga kelele ya kuni, au pengine ya bomoa bomoa.

Wachina wana msemo wa zamani unaohesabu vitu saba ambavyo mwenye nyumba huvifikiria kila afunguapo mlango asubuhi: kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya, siki na chai. Wa kwanza katika orodha hiyo ni chai ya kuni, wa mwisho ni cha ya kunywa. Mama wa Maneromango angeielewa orodha hiyo bila mkalimani, ila mchuzi wa soya na siki angevitoa akaweka nazi na sukari.

Sasa ile i yetu imetoka wapi? Duniani kote, majina ya kinywaji hiki karibu yote ni watoto wa mama mmoja, nao wamegawanyika mafungu mawili. Wachina wenyewe huandika neno hili kwa herufi moja, lakini hulitamka kwa namna mbalimbali kufuata majimbo. Sehemu kubwa ya nchi husema cha. Watu wa pwani ya Fujian husema te. Waholanzi walioichukua chai kwa merikebu katika karne ya 17 walifanya biashara na watu wa te, wakaisambaza Ulaya magharibi. Ndiyo maana Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wote wana te yao ya namna fulani. Wareno walikuwa Macau, kwa watu wa cha, wakabaki na cha, na hadi leo ukivuka Ruvuma ukaingia Msumbiji utaisikia cha hiyo katika Kireno chao. Kwa nchi kavu, misafara iliipeleka cha kwa Waajemi, nao wakaitia mkia, ikawa chai. Kutoka hapo Warusi, Waturuki na Wahindi wakaipokea. Waarabu, kwa kuwa lugha yao haina sauti ya ch, wakaifanya shai.

Kiswahili hakikuchukua shai. Kilichukua chai, kwa midomo ya Waajemi na Wahindi waliofanya biashara katika pwani yetu. Hapo nakuomba utue kidogo. Tuna desturi ya kudhani kwamba kila neno la kigeni katika Kiswahili limetoka Uarabuni. Hili halikupita hapo. Lilitembea kwa ngamia kutoka Uchina hadi Uajemi, likapanda jahazi, likashuka kwetu likiwa na vumbi la Asia nzima.

Jani lenyewe lilichelewa kuja kupandwa. Wajerumani walilijaribu Amani, kule Usambara, na huko Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba ya biashara yakashika kasi katika miaka ya 1920, wakati wa Waingereza. Leo chai inalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara na Bukoba, penye mvua na baridi. Kisarawe hatuna hata kichaka kimoja cha kutajika. Sisi tuna mihogo, mikorosho, minazi na miembe, na chai tunainunua dukani kwa pakiti, au kwa kijiko ikiwa mwezi umekaa vibaya.

Lakini Wachina wenyewe tumewahi kuwa nao karibu sana. Reli ya TAZARA, iliyokubaliwa mwaka 1967, ikajengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita wilayani kwetu, na Mzenga, majirani zetu, kuna kituo. Mzee mmoja aliyefanya kibarua cha kufyeka njia ya reli hiyo aliwahi kunisimulia jinsi Wachina walivyokunywa chai. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha bati chenye mfuniko. Alitia majani asubuhi, akamimina maji ya moto, akanywa. Maji yakiisha akaongeza, majani yale yale, mpaka jioni. Sukari hapana. Maziwa hapana. Kitafunwa hapana. Siku mzee alipokaribishwa alionja, akakirudisha kikombe kwa adabu, akamuuliza mwenzake kwa Kizaramo kama yule bwana ana homa, maana aliona anakunywa dawa.

Mzee alikuwa amekutana na chai ya kijani. Nayo hutoka kwenye mti ule ule wa chai yetu. Jani likichumwa na kupashwa moto upesi, hubaki kijani. Likiachwa linyauke, likasokotwa na kupigwa na hewa, hubadilika rangi, ndiyo hii ya pakiti zetu. Waingereza huiita chai nyeusi, kwa kuwa wametazama majani makavu. Wachina huiita hong cha, yaani chai nyekundu, kwa kuwa wametazama maji yaliyomo kikombeni. Sisi huiita chai ya rangi, kama kwamba hatukutaka kugombana na yeyote. Ila pwani na visiwani wapo wanaoiita chai ya mkandaa, kwa jina la ule mti wa mikoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu ya kutia ngozi na nyavu. Jambo la kufurahisha ni kwamba Wachina nao mti wa mikoko huuita hongshu, mti mwekundu. Mvuvi wa kwetu na mkulima wa kwao hawakuwahi kuonana, wakatazama kikombe, wote wawili wakaona wekundu ule ule.

Nisikuchoshe kwa rangi. Nililotaka hasa ni maana, kwa sababu tangu neno hili lishuke jahazini tumelifanyia kazi nyingi ambazo wenye nalo hawakulituma.

Kwanza tulilifanya chakula. Mwalimu akimuuliza mtoto, "Umekunywa chai?" haulizi habari za majani wala maji ya moto. Anauliza kama mtoto ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Kwetu muhogo wa kuchemsha ni chai. Kiporo cha wali ni chai. Uji ni chai, ingawa kikombeni hamna hata harufu ya jani. Wakati sukari ilipoadimika, miaka ya mwanzo ya 1980, wazazi wetu walisimulia kwamba watu waliendelea "kunywa chai" kila asubuhi, na chai yenyewe haikuwako. Tena jani lilipokosekana tulichuma nyasi zenye harufu ya ndimu pembeni ya kisima, tukazichemsha, na kwa kuwa lugha yetu ni yenye huruma tukazipa jina la kuzifariji: mchaichai. Chai mara mbili, kufidia ile moja iliyokosekana.

Kwa hili Mchina wa kusini angetuelewa. Watu wa Guangzhou na Hong Kong wakialikana yam cha, yaani kunywa chai, wanaalikana kula: vijisahani vya maandazi ya mvuke na vinyama vilivyofungwa katika unga, asubuhi nzima, na chai ni ya kusukumia tu.

Pili tulilifanya ukarimu. Ukipita mbele ya nyumba ya Mzaramo na watu wako barazani, utaitwa, "Karibu chai!" Mwenye kuita huenda anajua kabisa kwamba birika limebaki nusu kikombe. Nawe ukiwa na adabu utajibu, "Ahsante, nimeshakunywa," hata kama utumbo unakulia. Hapo hakuna aliyedanganya. Mmoja ametoa heshima, mwingine ameipokea, na nusu kikombe kimebaki kwa mtoto. Msibani vilevile, kabla ya lolote mtu huuliza kama wageni wamepata chai. Mkwe akija, chai. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, chai. Ni neno dogo lililobeba utu mwingi.

Na kwa kuwa limebeba utu, ndipo wajanja walipoliona linafaa kufichia.

Sijui nani alikuwa wa kwanza katika Afrika Mashariki kusema "toa chai" akiwa na maana ya rushwa. Kenya polisi wa barabarani walijulikana kwa neno hilo miaka mingi. Huko India na Pakistan, tulikopata neno, husema chai-pani, chai na maji, na kila mtu ofisini anaelewa kwamba hakuna mwenye kiu. Kwetu pia tulikuwa nayo, pamoja na ndugu zake, kitu kidogo na ya soda. Mwaka 1996 Rais Mkapa aliunda Tume ya Kero ya Rushwa chini ya Jaji Warioba, na taarifa yake ilitenganisha rushwa ya mtumishi mdogo anayetafuta kufikia mwisho wa mwezi na rushwa ya mkubwa anayetafuta utajiri. Ukiangalia lugha, chai ni ya yule mdogo. Mkubwa haombi chai. Mkubwa ana asilimia.

Halafu mwaka 2000 tukaliweka jambo hili katika sheria ya uchaguzi kwa jina la heshima zaidi, takrima. Neno takrima na neno karimu ni ndugu wa damu. Mgombea aliruhusiwa kuwakirimu wapiga kura wake kwa nia njema, na nani angempima nia? Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, ikaona kwamba mwenye nacho na asiye nacho hawawezi kushindana hivyo. Na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inawashika wote wawili, anayetoa na anayepokea. Sheria haina kipengele cha vikombe.

Sasa msikilizaji, sikiliza maajabu ya Kichina. Nimekwambia kwamba cha ya sauti inayopanda ni chai. Kuna neno jingine, linaandikwa kwa herufi tofauti kabisa, lakini linatamkwa sawasawa na hilo, sauti kwa sauti, na maana yake ni kukagua, kuchunguza. Kwa sikio tu huwezi kuyatenganisha. Mkaguzi anapobisha mlango na kusema neno moja, sikio pekee halikuambii kama amekuja kuchunguza au amekuja kunywa. Kwetu inabidi utazame mfuko wake wakati wa kutoka.

Na wao nao wamelipindua neno la chai kwa namna yao. Katika China ya leo, mtu akisema "nimealikwa kunywa chai", marafiki zake humtazama kwa wasiwasi, kwa maana mara nyingi mwaliko huo ni wa polisi, kwenda kuhojiwa kwa jambo ulilosema au uliloandika. Huko Hong Kong tume yao ya kupambana na rushwa, iliyoanzishwa 1974, kwa mazungumzo ya mitaani hualika watu kahawa, si chai. Kwa hiyo kule ukisikia chai au kahawa, serikali inakuhitaji. Kwetu ukisikia chai, mtumishi wa serikali ana haja nawe. Maji ni yale yale ya moto.

Vijana wa siku hizi wameongeza tawi jingine. Ukisimulia habari isiyo na miguu, watakwambia, "Hiyo chai," yaani uongo, hadithi ya kutungwa. Wazee hukasirika. Mimi sikukasirika nilipolisikia mara ya kwanza. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua habari moja iliyokuwa chai kwa maana zote mbili, ya bahasha na ya uongo, na mtangazaji wake ni mimi.

Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, somo la maadili tulifundishwa asubuhi, saa mbili, wengi wetu tukiwa hatujanywa chai. Mwalimu alitwambia kwamba kuna kitu kinaitwa bahasha. Mwandishi akienda kwenye hafla, mwisho hupewa bahasha ya kaki iliyoandikwa nauli. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata hili si letu peke yetu. Waandishi wa China hupewa pesa kwenye mikutano ya namna hiyo, na jina lake kwa lugha yao ni che ma fei, gharama ya gari na farasi. Farasi walikwisha toweka barabarani, gharama yake inaendelea kulipwa.

Mwaka 2008 nilitumwa kijiji kimoja, si mbali sana na kwetu, kwenye uzinduzi wa kisima. Wanakijiji walikuwa wamechanga, na mkandarasi alikuwa amechimba na kufunga pampu. Kulikuwa na turubai, ngoma, utepe na mgeni rasmi. Utepe ulikatwa, bomba likafunguliwa, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, nami nikarekodi makofi hayo kwenye kaseti.

Baada ya mgeni rasmi kuondoka, mama mmoja wa makamo alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kichaka. Kulikuwa na tangi la plastiki, na mpira ulioungwa kwenye lile bomba. Maji yale yalikuwa yameletwa usiku na boza. Akaniambia nifungue mashine yangu. Akazungumza kwa utaratibu, hakupandisha sauti: wamechanga kiasi gani, nani aliuza mbuzi ili achange, pampu imejaribiwa mara ngapi ikagoma, na kwamba kesho watarudi bondeni na ndoo kama juzi. Akamaliza kwa kuuliza lini atajisikia. Nikamwambia Jumamosi, baada ya taarifa ya habari ya jioni.

Nilipokuwa napanda gari, mtu wa upande wa mkandarasi alinipa bahasha. Haikuandikwa nauli. Iliandikwa kwa kalamu, vizuri kabisa, "Chai ya mwandishi." Ndani mlikuwa na shilingi 20,000. Nilikuwa sijalipwa mwezi wa pili. Hakuna aliyeniambia nikate chochote, wala niache lolote, wala hakuna aliyenitisha. Ningeweza kusema hapa kwamba nililazimishwa, lakini nitakuwa nakuongezea chai nyingine. Nilikunywa, basi. Na Jumamosi ile habari ilisema kwamba wananchi wa kijiji hicho wameshukuru kwa kupatiwa maji safi na salama. Makofi yalisikika vizuri sana.

Miaka mingi ikapita. Mwaka jana nilikwenda msibani Maneromango. Siku ya pili, wakati watu wamepungua, niliona mama mmoja mzee, upande wa ndugu wa marehemu, amekaa karibu na mafiga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Karibu chai." Akanimiminia kikombe cha mchaichai. Sauti yake ndiyo iliyonishtua kabla ya uso. Sauti za watu ndiyo kazi yangu, sizisahau.

Naye alinijua. Akasema, "Wewe ni yule wa redio." Nikaitika. Akasema hakuna ubaya, yamepita, ila kuna neno alitaka kuniuliza siku zote. Jumamosi ile redio ya kwake ilikuwa imekwisha betri. Wakachangishana wanawake kumi, kila mmoja shilingi 100, wakanunua betri mpya, wakakaa barazani kwake wakasikiliza mpaka mwisho. Walisikia makofi. Yeye hawakumsikia. Wenzake walimwambia pengine sauti yake haikushika kwenye mashine, kwa kuwa anazungumza chini. "Nikasema mwenyewe, labda ni kweli," akaniambia. "Tangu siku hiyo nikiambiwa nisimame mkutanini nisema, naogopa sauti yangu haifiki. Nilitaka kujua tu, baba. Ilishika au haikushika?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikamwambia ilishika. Nikamweleza na bahasha, na kilichoandikwa juu yake, na kiasi. Hakusema kitu kwa muda. Akasogeza kuni mbili ndani ya mafiga, moto ukashika. Halafu akasema, "Kunywa, inapoa."

Kisima kile hakikuwahi kutoa maji. Kijiji kilipata maji kwa mradi mwingine kabisa, miaka mingi baadaye, na mama huyo alikuwa amekwisha hama.

Kijana wangu wa vyombo, swali lako lilikuwa jepesi, na nimelijibu kwa mzunguko. Ukirudi kwa yule Mchina, sema cha, pandisha sauti kidogo, na usitegemee punguzo.

Kaseti ile ninayo. Haikuchakaa sana. Nimemwomba mama ruhusa, akasema niipige. Wiki ijayo, saa kama hii, panapo majaliwa, sitazungumza mimi. Utamsikia yeye, dakika nne na sekunde chache, toka mwanzo hadi mwisho. Wale kumi waliochanga betri, walio hai, nawaomba wakae karibu na redio.